Fizikia, kemia au biolojia? Mwongozo kamili wa kuchagua masomo ya sayansi kabla ya chuo kikuu

Fomu ya kuchagua masomo huwa fupi. Majina ya masomo yamepangwa upande mmoja, visanduku vya kuweka alama ya vema viko upande wa pili, na chini kuna nafasi ya saini ya mzazi. Anayeijaza ana miaka 15 au 16. Mara nyingi huijaza kwa kuangalia mambo matatu: mwalimu anayempenda, marafiki wanakokwenda, na alama za mtihani uliopita. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohusu kitu atakachokutana nacho chuoni.

Mimi niliacha fizikia nikiwa na miaka 16 kwa sababu ya mtihani mmoja niliopata 48. Nilijiambia sina kichwa cha fizikia, na hakuna aliyenikatalia. Miaka miwili baadaye nikapenda uhandisi wa vifaa tiba, zile mashine zinazopiga picha ndani ya mwili na zinazomsaidia mgonjwa kupumua. Ofisi ya udahili ikanijibu kwa sentensi moja: fizikia ni lazima. Nilirudi kusoma mwaka mzima wa maandalizi, na mada iliyoniangusha kwenye ule mtihani nikaielewa ndani ya wiki tatu. Ndiyo maana nauandika mwongozo huu kwa kirefu. Usichague somo kwa kuangalia ulikotoka. Angalia linakokwenda, na mlango gani linaufunga ukiliacha.

Hatua ya kwanza: jua mfumo wako unafunga milango lini

Mifumo ya elimu inatofautiana sana, na ushauri unaomfaa mwanafunzi wa mfumo mmoja unaweza kumpoteza wa mfumo mwingine. Anayesoma A-level ya Uingereza kwa kawaida hubaki na masomo matatu, kwa hiyo kila analoliacha linauma. Diploma ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa) ina masomo sita, na matatu au manne kati yake husomwa kwa kina zaidi, hivyo kuna nafasi kidogo ya kujipanga. Katika sekondari ya Marekani mwanafunzi husambaza biolojia, kemia na fizikia kwenye miaka minne, na swali lake kubwa si lipi aache bali alichukue kwa kiwango gani na katika mwaka upi.

Fani unayoilenga nayo ina saa yake. Mfano mzuri ni udaktari. Marekani na Kanada, shule ya udaktari kwa kawaida huja baada ya kusoma chuo kwanza, kwa hiyo aliyekosea sekondari ana nafasi ya kujirekebisha. Katika nchi nyingi nyingine mwanafunzi huingia udaktari moja kwa moja kutoka sekondari, na hapo fomu ya miaka 16 inakuwa na uzito wa ajabu. Kabla ya kusikiliza ushauri wa yeyote, muulize: wewe ulisoma mfumo upi, na mwaka gani? Ndugu mwenye nia njema anaweza kukueleza sheria zilizobadilika zamani.

Hatua ya pili: anzia chuoni, urudi nyuma

Chukua karatasi uigawe safu tatu. Juu ya kila safu andika fani moja inayokuvutia. Nasema tatu kwa makusudi. Ukiandika moja utachagua masomo kana kwamba hutabadilika, na katika umri huo watu wengi hubadilika. Kama huna hata moja, andika zile ambazo ukisikia mtu anazizungumzia unasogea karibu.

Sasa tafuta sifa za kujiunga na kila fani kwenye vyuo visivyopungua vinne, na uzisome kwenye kurasa za vyuo vyenyewe. Kwa kila chuo andika masomo kwa makundi mawili: yanayotajwa kuwa ni lazima, na yanayotajwa kuwa yanapendelewa. Soma neno kwa neno. "Sayansi mbili" si sawa na "kemia na sayansi nyingine moja."

Kuna kundi la tatu ambalo halimo kwenye orodha hizo, na ndilo linalowaangusha wengi. Fungua mtaala wa mwaka wa kwanza wa kozi hiyo. Usitazame maelezo ya kuvutia ya mwanzoni, tafuta majina ya masomo yenyewe. Anayetaka sayansi ya kompyuta atakuta hisabati ya mantiki na seti, aljebra ya matriki, kalkulasi na uwezekano. Anayetaka saikolojia atakuta takwimu. Anayetaka famasia atakuta kemia kila upande. Kuna vyuo ambavyo havikuulizi unataka kuwa nani: katika MIT, chuo cha sayansi na teknolojia cha Marekani, kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza, hata anayesomea uchumi, hupitia mihula miwili ya kalkulasi, miwili ya fizikia, mmoja wa kemia na mmoja wa biolojia.

Chuo kinaweza kukupokea bila somo fulani, kisha kikakufundisha kana kwamba unalijua. Kwa hiyo weka alama kwenye kila somo la mwaka wa kwanza linalojengwa juu ya kitu ambacho hujakisoma. Nilipolifanya zoezi hili na binti wa dada yangu, safu zake zilikuwa famasia, uhandisi wa mazingira na sayansi ya chakula. Alikuja akiwa na hakika kwamba anachohitaji ni biolojia. Tulipomaliza, kemia ilikuwa imejitokeza kwenye safu zote tatu, hisabati vilevile, na biolojia kwenye mbili. Hakuhitaji mshauri tena. Karatasi ilikuwa imeshasema.

Hatua ya tatu: hisabati, hata kama unaipenda biolojia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo naona madhara makubwa zaidi. Kuna imani kwamba sayansi zina upande wa mahesabu na upande wa kukariri, na kwamba mwenye kuchukia namba akimbilie biolojia. Imani hiyo huishi mpaka muhula wa kwanza wa chuo.

Tazama mfano mmoja kwa karibu. Ugonjwa wa kurithi unampata mtu 1 kati ya watu 10,000, na ili augue lazima apate jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama. Swali: ni watu wangapi wanaobeba jeni hiyo bila kuumwa? Wengi hukisia wachache tu. Fuata hesabu. Uwezekano wa kupata jeni mbovu kwa mzazi mmoja tuuite q. Uwezekano wa kupata jeni mbili mbovu ni q mara q, nayo ni 0.0001. Kwa hiyo q ni 0.01, na uwezekano wa kupata jeni nzima, p, ni 0.99. Mbebaji ana moja ya kila aina, na anaweza kuipata mbovu kwa baba au kwa mama, kwa hiyo ni 2 mara p mara q: 0.0198. Yaani watu 198 kati ya 10,000, karibu mtu 1 kati ya 50. Kwa kila mgonjwa mmoja unayemwona, kuna wabebaji karibu mia mbili usiowaona. Kanuni hiyo inaitwa ya Hardy na Weinberg. Mwaka 1908 ilitolewa na watu wawili, kila mmoja kivyake: Weinberg alikuwa daktari Mjerumani, na Hardy alikuwa mwanahisabati Mwingereza. Moja ya nguzo za elimu ya urithi iliandikwa na mtu wa namba.

Kemia nayo iko hivyohivyo. Kipimo cha pH, kinachoonyesha ukali wa asidi, ni logi: kila hatua moja ni mara 10. Kimiminika chenye pH 4 na chenye pH 6 havitofautiani "kidogo tu". Cha kwanza kina ayoni za hidrojeni mara 100 zaidi. Na katika famasia, dawa ambayo nusu yake hutoka mwilini kila baada ya saa 6 ikianza na miligramu 400 itabakiza 25 baada ya saa 24. Asiyeelewa kwa nini si sifuri hawezi kupanga muda wa dozi inayofuata.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na nausimamia: kama mfumo wako unakuruhusu kuacha hisabati, usiiache. Ukilazimika kupunguza, punguza kiwango, usilifute somo. Angalia pia ni hisabati ya aina gani. Kwenye IB, kwa mfano, tangu 2019 kuna njia mbili: moja inaegemea uchambuzi na kalkulasi, nyingine inaegemea matumizi na takwimu. Anayelenga uhandisi, fizikia au sayansi ya kompyuta aegemee ya kwanza. Anayelenga saikolojia, afya ya jamii au baadhi ya fani za biolojia anaweza kunufaika na ya pili, mradi amethibitisha kwamba vyuo vyake vinaikubali.

Hatua ya nne: kila sayansi inafungua nini

Kemia ipo katikati ya njia panda. Udaktari, famasia, uuguzi, sayansi ya chakula, kilimo, jiolojia, uhandisi wa kemikali, sayansi ya mazingira: huwezi kwenda mbali katika yoyote kati ya hizo bila kuikuta. Vyuo vingi vya udaktari huitaja kwa jina hata pale vinapokuachia uhuru kwenye masomo mengine. Kama unajua unataka sayansi lakini hujui ipi, kemia na hisabati ndizo jozi ninayoishauri kwanza.

Fizikia ndiyo inayoachwa zaidi kwa hofu, nami nililipa gharama yake. Ni lazima au karibu na lazima kwa uhandisi wa aina nyingi, na inahitajika sana katika fani za picha za tiba na macho. Lakini hata anayeelekea wodini ina kitu cha kumpa. Fikiria mshipa wa damu ambao nusu kipenyo chake kimepungua mpaka nusu. Akili ya haraka inasema damu itapungua nusu. Sheria ya Poiseuille, mwanafizikia na mwanafiziolojia wa Ufaransa wa karne ya 19, inasema kwamba msukumo ukibaki uleule, damu inayopita itabaki sehemu 1 kati ya 16, kwa sababu nusu kipenyo hupandishwa kwenye kipeo cha nne, na nusu mara nusu mara nusu mara nusu ni 1 kati ya 16. Mwanafunzi aliyesoma fizikia anaelewa papo hapo kwa nini mafuta kidogo ndani ya mshipa ni jambo zito.

Biolojia ni lazima kwa vyuo vingi vya udaktari, na pia kwa udaktari wa mifugo na fani nyingi za afya. Inahitaji uvumilivu wa kusoma na uwezo wa kueleza kwa maandishi yaliyopangwa. Wanaoichagua wakidhani ni rahisi hushangazwa na wingi wa maneno mapya na maswali yanayowataka kutumia maarifa kwenye jambo ambalo hawakulikariri.

Somo la kompyuta lina ajabu yake: vyuo vingi vinavyofundisha sayansi ya kompyuta havilidai, vinadai hisabati. Lichukue kama unalipenda, lakini lisile nafasi ya hisabati. Masomo ya mazingira na jiografia ni mazuri kama la tatu au la nne. Yakiwa ndiyo sayansi yako pekee, hakiki kwanza vyuo vyako vinayahesabu kama sayansi.

Hatua ya tano: mpangilio

Kwa wale ambao mfumo wao unawaruhusu kupanga mwaka wa kila somo, mpangilio una maana. Fizikia inayotumia kalkulasi isome baada ya kalkulasi, au sambamba nayo, kamwe si kabla. Marekani kozi za juu za AP, yaani kozi za kiwango cha chuo zinazosomwa sekondari, zimegawanywa kwa msingi huo: Physics 1 inatumia aljebra, Physics C inatumia kalkulasi, na anayeingia ya pili bila maandalizi hutumia nguvu zake kupambana na alama za kihisabati badala ya kuelewa mwendo.

Biolojia ya leo, inayozungumzia protini na DNA, inaeleweka vizuri zaidi na mtu anayejua jinsi atomu zinavyoshikana. Leon Lederman, Mmarekani aliyepata Nobeli ya fizikia mwaka 1988, alitumia miaka mingi kutetea mpangilio wa kuanza na fizikia, kisha kemia, mwisho biolojia, kinyume na mazoea ya shule nyingi za nchi yake. Nakubaliana naye kwa kiasi: hoja yake ni sahihi, ila mwanafunzi asiye na aljebra imara asisukumwe kwenye fizikia kwa ajili ya nadharia tu.

Hatua ya sita: jipime kwa wiki mbili

Alama za mitihani iliyopita zinapima masomo ya kiwango kilichopita, tena zikichanganywa na mwalimu uliyekuwa naye na afya yako siku ile. Ninachopendekeza ni jaribio la kweli. Azima kitabu cha kiwango kinachofuata cha kila somo unalolifikiria. Soma sura moja tu, ya mwanzo, kwa dakika 40 kwa siku kwa siku nne. Siku ya tano fanya maswali ya mwisho wa sura bila kuangalia majibu.

Usijipe maksi peke yake. Jiulize kilichotokea ulipokwama. Kuna somo ambalo ukikwama unafunga kitabu na kuona nafuu. Kuna jingine ambalo ukikwama unajikuta unalifikiria ukiwa umeshalala. Hilo la pili lina nafasi kubwa ya kukufaa hata kama maksi zake leo ni ndogo, kwa sababu miaka miwili ya kiwango cha juu hujaa kukwama. Tofautisha pia kutokuelewa na kukosa msingi. Mimi kwenye ule mtihani wa 48 sikujua kugawa mwelekeo wa nguvu kwa trigonometria. Tatizo langu halikuwa fizikia kabisa. Nililiona siku nilipopitia makosa yangu moja baada ya jingine, na nilichelewa miaka miwili kufanya hivyo.

Hatua ya saba: mangapi, na kwa uzito gani

Mshika mawili moja humponyoka, seuze mshika matano. Mwanafunzi anayechukua sayansi zote tatu pamoja na hisabati ya juu kwa sababu ya sifa, kisha akapata alama za kati kwenye zote, mara nyingi yuko mahali pabaya kuliko aliyechukua tatu akazimudu. Vyuo vinavyoshindaniwa sana vinaangalia ugumu wa masomo, ni kweli, lakini vinaangalia na matokeo. Kama huna uhakika, anza na moja zaidi ikiwa shule inaruhusu kuliacha ndani ya wiki za kwanza. Kuliacha somo ni rahisi kuliko kulidandia likiwa limeshaondoka.

Hatua ya nane: chunguza shule yenyewe

Somo kwenye fomu na somo darasani ni vitu viwili. Uliza ni majaribio mangapi ya maabara mwanafunzi hufanya kwa mikono yake kwa muhula, na si mangapi anayoyatazama. Anayedondosha asidi kutoka kwenye bureti, mrija wa kupimia wenye koki, tone kwa tone, akapitiliza mara mbili, kisha mara ya tatu akaifunga koki rangi ilipoanza tu kugeuka, amejifunza kitu kuhusu usahihi ambacho ubao hauwezi kumpa. Uliza nani atafundisha mwaka wote, na kama somo hilo limewahi kukaa bila mwalimu. Uliza waliolichukua mwaka uliopita, na uwaulize wale waliopata alama za kati, maana wao ndio wanaojua msaada unapatikanaje.

Kama wenzako wote wanaelekea upande mmoja, usiwe bendera ifuatayo upepo. Utawaona wakati wa mapumziko.

Mzazi akitaka kingine

Nenda na ile karatasi ya safu tatu. Mzazi anayesema "soma udaktari" mara nyingi anachotaka ni uhakika kwamba mtoto wake hatahangaika, na ubishi wa maneno hauondoi hofu hiyo. Mwonyeshe kwamba masomo uliyoyachagua yanauacha wazi mlango anaoutaka yeye pamoja na ule unaoutaka wewe, kama kweli inawezekana. Hisabati, kemia na biolojia huacha wazi afya, kilimo na sayansi nyingi za maisha, ila hubana uhandisi. Hisabati, fizikia na kemia huacha wazi uhandisi, kompyuta na sayansi za asili, ila huweza kukufungia vyuo vya udaktari vinavyodai biolojia. Kama milango haiwezi kubaki wazi yote, mwambie wazi ni upi unafungwa. Afadhali mjue nyote wawili leo mezani kuliko ajue siku ya majibu ya udahili. Wewe mzazi unayesoma hapa, nakuomba jambo moja: usitie saini kabla ya kuisoma karatasi hiyo mpaka mwisho.

Kama umeshakosea

Usikae kimya. Wiki za kwanza za muhula shule nyingi huruhusu kubadilisha, kwa hiyo nenda wiki hiyohiyo unayogundua, ukiwa na sifa za kujiunga umezichapa mkononi. Muda ukishapita, uliza kuhusu kulifanya somo kama mtahiniwa wa kujitegemea, au kuhusu mwaka wa maandalizi ambao baadhi ya vyuo hutoa kwa waliokosa somo moja. Kabla hujalipia, pata jibu la maandishi kutoka kwenye chuo unachokilenga kwamba watalikubali. Na ukiwa bado unasubiri, anza na hisabati ya somo hilo. Kwangu mimi, trigonometria ya wiki tatu ndiyo iliyofungua vingine vyote.